Mtoto wa wote ufukweni



Wazazi wapendwa, tangu daraja letu la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa tarehe 19 Juni 2025, mambo yamebadilika hapa kwetu. Zamani aliyefika Kigongo alikuwa na haraka ya kuvuka. Alikaa kwenye foleni ya kivuko, akanunua mahindi ya kuchoma, akalalamikia jua, na alipofika Busisi alimshukuru Mungu akaendelea na safari yake ya Sengerema au Geita. Leo wapo wanaokuja Kigongo bila nia ya kuvuka kabisa. Baada ya Misa ya pili familia inapita Usagara, inakuja kutazama zile kilomita 3 za daraja juu ya Ghuba ya Mwanza, inapiga picha, halafu inatafuta mahali pa kukaa karibu na maji ili watoto wacheze na wakubwa wale sato. Wenye uwezo zaidi hulala siku mbili tatu katika hoteli za ufukweni, huku kwetu au kule Ilemela, hasa wakati wa Krismasi, ndugu wanapokuja kutoka Dar es Salaam na Dodoma.

Sina ugomvi na matembezi hayo. Kupumzika pamoja ni sehemu ya afya ya familia, na nimeona akina baba ambao mwaka mzima hawajui mwanao anavaa kiatu namba ngapi, lakini siku moja tu ya bichi wanambeba mgongoni na kumlisha. Mambo kama hayo hayauzwi dukani. Ninachotaka kusema leo ni juu ya yule mdogo kuliko wote katika msafara, yule wa mwaka mmoja na nusu au miwili, aliyejua kutembea juzi na ambaye jana amejua kukimbia.

Sisi tuliozaliwa kando ya ziwa tulikua tukiliona kama mahali pa kazi. Tulikwenda kuchota maji, kufua, kusafisha dagaa, kupokea mitumbwi. Mama wa mwaloni akienda majini na mtoto mdogo, anamfunga mgongoni kwa kanga na hamshushi mpaka amemaliza kazi yake na kurudi penye nyasi kavu. Hakufundishwa na daktari. Alifundishwa na mama yake. Sasa tumeanza kwenda ziwani kama wageni. Tunatandika mkeka, tunaagiza chakula, na yule mtoto tunamshusha. Kanga tumeiacha nyumbani pamoja na hofu ya bibi zetu, na badala yake hatujaweka kitu.

Nasema haya nikiwa nimeona aibu yangu mwenyewe. Nilifanya kazi ya uuguzi katika zahanati kwa miaka mingi, nimefundisha akina mama kliniki kila Jumanne, na nilikuwepo siku mjukuu wangu alipotaka kufa maji mbele ya watu wazima saba.

Ilikuwa Krismasi iliyopita, katika hoteli moja ya ufukweni ambayo sitaitaja. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Asubuhi yote alikuwa akipita mikononi mwetu: mara yuko kwa shangazi yake, mara kwa babu, mara kwa baba mdogo aliyekuwa akimrushia mpira. Mama yake alimwona kwa shangazi akatulia. Shangazi alimwona anaelekea kwa babu akatulia. Babu alidhani nimemchukua mimi. Mimi nilikuwa nimesimama kunawa mikono kwa sababu samaki walikuwa wameletwa mezani, na nakumbuka nilikuwa nikibishana na mwanangu juu ya pilipili. Hatua kama ishirini kutoka mezani, maji yakiwa hayafiki hata magotini mwa mtu mzima, mtoto alikuwa amelala kifudifudi.

Hakulia. Hakupiga kelele, wala hatukusikia maji yakirushwa. Aliyemwona ni mama mmoja mpita njia aliyekuja kusuuza ndoo yake. Alimnyanyua kwa mkono mmoja, akaja naye mbio huku maji yakimtoka mtoto puani, na akauliza kwa sauti, “Mtoto huyu ni wa nani?”

Tukaitika sote kwa pamoja, “Wetu!”

Akanitazama mimi niliye mzee, akasema, “Mayu, nauliza ni wa nani.”

Hakuna aliyejibu.

Mtoto alikohoa, akatapika, akalia. Tulimkimbiza hospitali, wakamweka chini ya uangalizi usiku kucha, na leo ni mzima, anavunja vikombe vyangu. Lakini lile swali la yule mama limenikaa kichwani, na nimeamini kwamba ndilo swali la kwanza ambalo kila familia inapaswa kujiuliza kabla ya kushuka kwenye gari. Mtoto wa watu saba pale ufukweni hakuwa na mtu hata mmoja.

Watu wengi hudhani mtoto anayezama atapiga kelele na kurusha mikono, na kwa hiyo ukiwa karibu utasikia. Ukweli ni kwamba mtoto mdogo huzama kimya. Kichwa chake ni kizito ukilinganisha na mwili, miguu yake bado haina nguvu, na akianguka kifudifudi hana akili ya kugeuka wala mikono ya kumwinua. Akijaribu kuvuta hewa anavuta maji, na mdomo uliojaa maji hautoi sauti. Maji ya sentimita chache, kiasi cha kufunika pua na mdomo, yanatosha. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, nao ni muda ule ule wa kunawa mikono na kubishana juu ya pilipili.

Na ufukwe wa ziwa letu una mitego yake. Chini ni tope na mawe yenye utelezi. Mahali watu walipochimba mchanga wa kujengea pana mashimo ambayo huyaoni kwa juu. Penye matete hujui kilichomo. Viboko na mamba hawajahama ziwa hili kwa sababu sisi tumejenga hoteli. Halafu kuna magugu maji. Mtu mzima anajua ni majani yanayoelea, lakini mtoto wa miaka miwili anayaona kama uwanja wa nyasi, tena wenye maua mazuri, anakwenda kukanyaga. Hata mkikaa kwenye hoteli yenye bwawa la kuogelea msijidanganye kwamba mmeepuka. Bwawa lina kina kuanzia ukingoni na halina mteremko wa kumwonya mtoto. Na chumbani kuna ndoo ya maji bafuni. Mtoto akiinamia ndoo iliyojaa nusu, kichwa kikatangulia, hawezi kujitoa.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilieleza kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Sisi wa Mwanza tunayajua maji. Tunaikumbuka MV Bukoba, 21 Mei 1996, na kule Igoma makaburi yapo. Tunakumbuka MV Nyerere pale Ukara, 20 Septemba 2018. Lakini watoto wa miaka miwili hawafi mia kwa siku moja. Wanakufa mmoja mmoja, huyu leo huku, yule wiki ijayo kule, mama anazika, jumuiya inachanga, na hakuna mnara wala siku ya kumbukumbu. Ndiyo maana hatuoni kama ni jambo la afya ya jamii sawa na malaria au surua.

Katika Injili ya Luka, sura ya 2, tunasoma jinsi Mtoto Yesu alivyobaki Yerusalemu akiwa na miaka 12. Maria na Yosefu hawakuwa wazazi wazembe. Kanisa linatupa familia yao iwe mfano. Lakini walitembea mwendo wa siku nzima wakidhani kwamba yumo katika msafara, pamoja na ndugu na jamaa. Kila ninapoisikia Injili hiyo sasa, nasikia meza yetu ya samaki. Mtu huwaza kwamba watu wakiwa wengi, ulinzi ni mkubwa. Kwa mtoto mdogo ni kinyume chake. Mama aliye peke yake na mwanae anajua kwamba asipomtazama yeye hakuna mwingine. Kwenye ukoo wa watu kumi na tano kila mmoja anadhani mwenzake anatazama.

Basi maoni yangu ni haya, na najua wengine watacheka. Familia ikienda ufukweni iweke zamu, kama walinzi wanavyofanya. Mtu mzima mmoja, mwenye jina, awe na kazi moja tu ya kumtazama mtoto. Sisi nyumbani tumechagua kofia. Ni kofia kubwa ya ukili, na anayeivaa ndiye mwenye mtoto. Hali, hanywi pombe, hashiki simu, hachezi bao. Anakaa mahali ambapo akinyoosha mkono anamgusa mtoto, na kama mtoto yuko majini basi na yeye yuko majini. Baada ya nusu saa anamvalisha mwingine kofia na kusema kwa mdomo, “Nimekukabidhi mtoto,” na yule anajibu, “Nimempokea.” Bila kujibiwa hivyo, zamu haijaisha. Nusu saa si ndefu. Mtu akichoka macho hutangatanga, hivyo msimwachie bibi kofia tangu asubuhi mpaka jioni kwa kuwa eti bibi ndiye anayependa watoto.

Akina baba nao wapewe kofia. Shemeji zangu watanisamehe, lakini nimezoea kuona meza ya wanaume ikiwa mbali kabisa na watoto, wakipiga soga za mpira, na ikitokea ajali wa kwanza kulaumiwa ni mama wa mtoto. Zamu ikipangwa hadharani, lawama haina pa kukaa.

Kuna jambo lingine linaloniuma zaidi. Mara nyingi anayeachiwa mtoto ufukweni ni binti wa kazi. Ana miaka kumi na mitano, ametoka kijijini mbali na ziwa, hajui kuogelea, pengine ni mara yake ya kwanza kuona maji mengi namna ile. Tunampa mtoto tunamwambia, “Cheza naye pale.” Binti huyo naye ni mtoto wa watu. Mtoto wetu akitumbukia, yeye atamfuata, na tutazika wawili. Hali kadhalika kaka wa miaka minane si mlinzi. Atacheza, kama Mungu alivyompangia acheze.

Juu ya vile viboya vya mpira vyenye sura ya bata vinavyouzwa barabarani, ni vya kuchezea tu. Mtoto hupenyeza akatoka chini, au hupinduka miguu ikawa juu. Wala msikubali kupanda boti ya matembezi kama haina jaketi la kujiokolea la saizi ya mtoto. Nimemwona mwenye boti akimvalisha mtoto jaketi la mtu mzima likamfika magotini. Jaketi hilo likiingia majini hupanda peke yake na mtoto hubaki chini. Shuka, omba msamaha kwa nahodha, rudi kwenye mkeka.

Na ikitokea? Siku ile ya kwetu, kabla sijafika, baba mdogo alikwisha mshika mtoto miguu na kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke. Wengi wetu tulilelewa tukiona hivyo, na wengine humlaza mtu kwa tumbo na kumkandamiza. Msifanye. Maji ya tumboni si tatizo la haraka, na kumtapisha huweza kupeleka matapishi mapafuni. Anachokosa ni hewa. Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake kidogo, tazama kama anapumua. Kama hapumui, bana pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako na mpulizie pumzi 5 za taratibu, kiasi cha kuona kifua kikiinuka. Kama bado hapumui wala hajitikisi, bonyeza katikati ya kifua kwa kiganja cha mkono mmoja, kifua kishuke theluthi moja ya unene wake, mara 30 kwa mwendo wa haraka, karibu mara mbili kila sekunde. Kisha pumzi 2, tena 30, tena 2. Endelea hivyo wakati mwingine anatafuta gari, wala usiache mpaka apumue au umkabidhi kwa waganga. Na hata akizinduka akacheka, apelekwe hospitali siku ile ile, kwa maana mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa kadhaa baadaye. Viongozi wa WAWATA wanaweza kumwomba mganga wa zahanati ya jirani aje kuonyesha jambo hili kwa doli siku moja baada ya jumuiya. Kusoma gazetini peke yake hakutoshi. Mikono inataka mazoezi.

Sasa niseme juu ya maji yenyewe, kwa sababu mtoto aliyeokolewa asizame anaweza kurudi nyumbani na mgeni ndani ya damu.

Tulipofika hotelini nilimwuliza kijana wa mapokezi kama kuna kichocho. Akanijibu kwa heshima, “Hapana, mama, hapa maji yanatembea.” Nilitamani kumwamini. Lakini Ziwa Viktoria ni maji baridi, si bahari. Wageni wetu wa Dar es Salaam na Tanga wamezoea maji ya chumvi ambamo konokono wa kichocho haishi, nao huwaachia watoto waogelee kutwa. Huku kwetu, penye majani, watu na konokono, ufukwe unaweza kuwa na kichocho, na hakuna awezaye kukuhakikishia kwa kutazama maji tu.

Tena wengi wakisikia kichocho hufikiri mkojo wa damu. Hicho kipo, na huku Usukumani hupatikana zaidi katika malambo na majaruba ya mpunga. Cha ziwani ni ndugu yake, kichocho cha tumbo, ambacho hakionyeshi damu kwenye mkojo. Mayai yake hutoka kwa choo kikubwa. Yakifika majini huangua, yanaingia kwa konokono, na baada ya majuma kadhaa konokono hutoa vijidudu vyenye mkia visivyoonekana kwa macho. Hivi hupenya ngozi ya mtu ndani ya dakika chache, bila kidonda na bila maumivu. Hutoka kwa wingi zaidi jua likiwa kali, yaani kuelekea adhuhuri, saa ile ile ambayo sisi tunaona inafaa mtoto aoge. Minyoo hukaa katika mishipa ya damu kwa miaka, ikitaga mayai ambayo mengine hunasa kwenye ini. Mtoto anaweza kuumwa tumbo, kuharisha na kupungukiwa damu, akadhaniwa ana amiba tu. Miaka mingi baadaye, mtu mzima anatapika damu na kupelekwa Bugando, na akiulizwa hakumbuki hata siku moja aliyougua kichocho.

Kwa watoto wadogo kuna jambo tulilokuwa tukilikosea hata sisi wa zahanati. Tulidhani kichocho ni ugonjwa wa wanafunzi, kwa hiyo dawa ya prazikwanteli ikawa inagawiwa shuleni. Uchunguzi katika vijiji vya mwambao wa ziwa hili upande wa Uganda ulikikuta hata kwa watoto ambao hawajafikia umri wa shule, wanaopata ugonjwa wakibebwa na mama zao majini au wakiogeshwa kwa maji ya ziwa kwenye beseni. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba tiba ya jumla katika maeneo yenye ugonjwa ianzie miaka 2. Mwishoni mwa mwaka 2023 kidonge maalum cha watoto wadogo, kuanzia miezi 3 hadi miaka 6, kilipata kibali cha wataalamu wa dawa wa Ulaya. Ulizeni kituo chenu cha afya kama kimekifikia. Mzazi asikate kidonge cha mtu mzima kwa kisu cha jikoni akakisia kipimo, maana dawa hii hupimwa kwa uzito wa mtoto.

Basi afanyeje aliyemleta mtoto kutoka Dodoma akimwahidi maji? Mchezeshe kwenye mchanga mkavu, atafurahi vile vile. Mtoto wa miaka miwili hajui tofauti ya likizo na kindoo cha mchanga. Ukitaka acheze na maji, omba beseni na maji ya bomba yaliyotibiwa, au maji ya ziwa yaliyochotwa na kukaa katika tangi lisiloingia konokono kwa siku mbili, kwa maana vijidudu vile haviishi zaidi ya saa 48 bila kumpata mtu. Maji yaliyochemshwa na kupozwa nayo ni salama. Kumfuta mtoto kwa taulo baada ya kutoka ziwani si kinga ya kutegemea. Kama ameingia ziwani, usifadhaike, lakini andika tarehe. Kumpima kesho yake ni kupoteza nauli, kwa sababu mayai hayajaanza kutoka. Mpeleke apimwe choo baada ya wiki 6 hadi 8, hata kama ni mzima kabisa, na umweleze mganga kwamba mlikwenda ziwani. Mganga wa Dodoma hawezi kuota.

Na nepi, jamani! Nimeona kwa macho yangu mama aliyevaa vizuri akisuuza makalio ya mwanae ziwani na kuiacha pampasi ichukuliwe na maji. Kichocho hakianzii kwa konokono, kinaanzia kwetu. Ziwa la watu wote limekuwa kama mtoto wa watu wote.

Mengine nitayapitia haraka, kwa kuwa mnayajua. Neti ya chumbani ikaguliwe matobo kabla ya usiku, au mje na ya kwenu, na homa yoyote baada ya safari ipimwe malaria. Maji ya kunywa yawe yamechemshwa au ya chupa iliyofungwa. Kachumbari ya mezani mwachieni mkubwa mwenye tumbo la chuma. Saa za jua kali mtoto awe kivulini na kofia, anywe mara kwa mara, anayenyonya aendelee kunyonya. Wekeni pakiti mbili za chumvichumvi za kuharisha kwenye mkoba wa nepi. Sato ni mtamu lakini miiba yake mtolee kwa vidole vyako, si kwa uma.

Wenye hoteli wapo wanaosoma ukurasa huu, na wengine ni waumini wa parokia zetu. Nawaomba uzio mfupi kati ya meza za chakula na maji, wenye geti ambalo mkono wa mtoto haufungui. Bei yake haifiki ya zile spika mnazotupigia. Na mtu anayejua kuogelea na kuokoa, alipwe kwa kazi hiyo tu, asiwe ndiye huyo huyo anayeleta soda. Sisi wateja tuulize jambo hilo kabla ya kuuliza bei ya chumba.

Desemba hii, Dominika ya Familia Takatifu, tumepanga kurudi ziwani. Mjukuu wangu sasa anakimbia zaidi ya mwaka jana. Nimemtafuta yule mama wa ndoo nimwalike tule naye, bado sijampata, lakini wananiambia hupita pale mwaloni siku za mnada. Kofia imekwisha shonwa upya ukingo. Zamu ya kwanza ni ya babu, ya pili ni ya baba mdogo, na mimi nimepewa ile ya saa ya chakula.